Walioshika Mkia wa Msafara: Kutoka Mwanza, Julai 1916

Tangu Juni 2025 msafiri anayetoka Mwanza kwenda Sengerema hasubiri tena kivuko. Gari linapanda Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo, wilayani Misungwi, linapita juu ya maji kwa kilomita 3, kisha linashuka Busisi. Zamani foleni ilikupa muda wa kula samaki wa kukaanga na kuyatazama maji mpaka ukayachoka. Siku hizi ni dakika chache tu, na abiria wengi wameinamia simu zao.

Maji hayo yana habari yake. Ghuba ya Mwanza inatoka ziwani na kuingia nchi kavu kuelekea kusini, ndefu na nyembamba. Wajerumani waliipa jina la mmoja wa wapelelezi wao, Franz Stuhlmann. Julai 1916 ghuba hii iliwapa njia ya kuondoka, na adui zao nao wakaipata njia hiyohiyo ya kuwafuata.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika nchi yetu husimuliwa zaidi kutokea mashariki: Tanga, mto Rufiji, safari ndefu ya kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kwenda Msumbiji. Kanda ya Ziwa hupewa sentensi moja, kwamba Mwanza ilitekwa Julai 14, 1916. Ni kweli, ilitekwa. Lakini Waingereza walioingia mjini siku hiyo walikuwa wamekuja kulinasa jeshi, na jeshi lilikuwa limeshatoka. Namna lilivyotoka, na kwa nini halikukamatwa njiani, ndiyo habari ya makala haya.

Mraba na farasi

Watu wa misafara walijua tangu zamani kwamba hatari hukaa nyuma. Mbele ya msafara wa Kinyamwezi alitangulia kirangozi. Nyuma kabisa walitembea wanyapara wenye bunduki, kwa sababu mwizi na adui humvizia aliyechelewa, mgonjwa na aliyelemewa na mzigo. Jeshi linalorudi nyuma ni msafara wa namna hiyo. Wanaoachwa mkiani wana kazi moja: kumchelewesha anayefuata mpaka mizigo, majeruhi na mizinga ifike mbali, halafu wao wenyewe waondoke kabla hawajazingirwa. Wakiondoka mapema mno, msafara unafikiwa. Wakichelewa, wanakufa wao.

Ulaya ya enzi za Napoleon, kitisho kikubwa cha walinzi hawa wa nyuma kilikuwa farasi. Askari wa miguu aliyegeuza mgongo uwandani hakuwa na pa kwenda. Mpanda farasi alimfikia kwa dakika moja na upanga mkononi. Dawa yake ilikuwa mraba. Septemba 25, 1811, karibu na kijiji cha El Bodón, magharibi mwa Hispania, wapanda farasi wa Kifaransa chini ya Jenerali Montbrun walivikuta vikosi vichache vya Waingereza na Wareno vikiwa mbali na wenzao. Regimenti ya 5 na ya 77 za Waingereza zikaungana na kujipanga pande nne, singe zikielekea nje. Farasi, hata achapwe vipi, hakubali kujitupa juu ya ukuta wa singe. Mraba ule ukaanza kutembea. Ulisimama farasi walipokaribia, ukafyatua risasi, ukatembea tena, hivyo hivyo kwa takriban kilomita 10 mpaka Fuenteguinaldo, na haukuvunjika.

Miaka hiyohiyo, mwanzoni mwa karne ya 19, wafanyabiashara wa Kinyamwezi walikuwa wameanza kufika mrima wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Walitembea kwa miguu miezi kadhaa, na kila walichobeba kilikaa kichwani au begani kwa mtu. Mtu asiyeijua nchi angeuliza kwa nini hawakufuga farasi. Jibu ni mdudu. Ndorobo, ambaye wengine humwita mbung'o, anamuuma mnyama mwenye vimelea, kisha anamuuma farasi. Farasi anapata homa, anakonda, macho yanatoa maji, miguu inavimba, na baada ya majuma machache anaanguka. Nyumba ya ndorobo ni pori na kichaka. Usukuma ya mashamba na malisho ilikuwa na ng'ombe wengi, lakini kati yake na Unyamwezi yalikuwepo mapori ambayo mchungaji mwenye akili aliyakwepa. Si ajabu kwamba baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza, Charles Swynnerton aliichagua Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa ndorobo.

Mwaka 1916 Waingereza walijaribu kuishinda sheria hii ya nchi. Jenerali Jan Smuts alileta wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, watu waliozoea uwanda wa wazi na vita vya mbio. Mwezi wa Aprili brigedi ya farasi ya Jenerali van Deventer ilitoka upande wa Arusha, ikateka Lolkisale, ikafika Kondoa Irangi Aprili 19. Ilifika, lakini farasi wake walikuwa wamekufa kwa mamia njiani, na wapandaji wengi waliingia kwa miguu huku wakibeba matandiko. Hali haikutengemaa. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba mwaka huo jeshi la Waingereza lilipoteza takriban farasi 10,000, nyumbu wa mizigo 10,000 na maksai 11,000.

Kwa hiyo katika vita hivi walinzi wa nyuma wa Kijerumani hawakuwa na haja ya mraba. Adui wa mraba alikuwa anakufa mwenyewe porini. Ila ziwani palikuwa na kitu kingine kilichoweza kufanya kazi ya farasi, yaani kuzunguka ubavuni na kutokea nyuma ya mtu kabla hajajua.

Meli zilizorudi na mizinga

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Kupitia reli hiyo Waingereza walileta meli vipande vipande kutoka pwani, wakaziunga ufukweni: Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, na baadaye Usoga na Kavirondo. Kabla ya vita meli hizo zilikuwa wageni wa kawaida Mwanza. Mji ulikuwa wa Wajerumani, ambao waliweka kituo chao hapo katika miaka ya 1890, lakini biashara yake ilipita kwa jirani. Ngozi, karanga na pamba za Usukuma zilipakiwa katika bandari ya mawe ya Mwanza, zikavuka ziwa hadi Kisumu, zikapanda treni ya Mombasa. Njia ya kwenda Tabora ilikuwa ya miguu.

Vita vilipoanza Agosti 1914, meli zilezile zilifungwa mizinga. Wajerumani walikuwa na meli ndogo iliyoitwa Muansa, kama walivyoliandika jina la mji, pamoja na vyombo vingine vidogo. Mwanzoni hawakukaa kimya. Septemba 1914 kikosi kutoka Mwanza kiliingia Kenya na kupigana Kisii Septemba 12; siku ileile Muansa ilipambana na Winifred huko Karungu. Kikosi kilirudi nyumbani bila kushika kitu. Novemba, Sybil ilikwama kwenye miamba karibu na Majita, upande wa Wajerumani, na miezi mingi ikapita kabla Waingereza hawajaikwamua. Baada ya hapo nguvu ya meli nyingi ilianza kuonekana. Juni 22 na 23, 1915, Waingereza walishuka Bukoba kutoka ziwani, wakabomoa mnara wa simu ya upepo, wakarudi melini. Kila mwenye nyumba ufukweni alijua sasa kwamba adui anaweza kutokea popote penye maji.

Katikati ya mwaka 1916 kamba ilianza kukazwa pande zote. Wabelgiji walitoka Kongo kwa jeshi kubwa chini ya Jenerali Tombeur, wakaingia Rwanda, wakaichukua Kigali mwezi wa Mei, na Juni walikuwa wamefika Biharamulo. Ukiitazama ramani utaona maana yake. Biharamulo iko kusini-magharibi mwa ziwa. Wajerumani waliokuwa Bukoba na Karagwe chini ya Kapteni Gudovius walijikuta njia yao ya kurudi kusini imekatwa. Walipojaribu kupenya, walikutana na kikosi cha Kibelgiji cha Rouling huko Kato, Julai 3. Mapigano yalikuwa makali. Rouling alijeruhiwa, Gudovius naye akajeruhiwa na kukamatwa. Hayo ndiyo yanayompata anayechelewa kutoka.

Upande wa ziwa, Waingereza waliichukua Ukerewe Juni 9 na 10. Kisiwa hicho kilikuwa ghala la mpunga la Wajerumani, na kwa mtu anayekalia Mwanza, Ukerewe ikiwa mikononi mwa adui ni kama jirani aliyepanda juu ya paa lako. Kapteni von Chappuis, aliyekuwa na jukumu la kuilinda Mwanza, alikuwa na askari mia kadhaa, Wazungu wachache, na mzinga mmoja mkubwa wenye historia yake. Mzinga huo wa milimita 105 ulitoka katika manowari Königsberg, ambayo mabaharia wake waliizamisha wenyewe katika delta ya Rufiji Julai 11, 1915, baada ya kupigwa na Waingereza. Mizinga yake kumi ilitolewa majini na kusambazwa nchi nzima. Mmoja ulivutwa mpaka Mwanza, ukaelekezwa ziwani.

Usiku wa Kongoro

Mwaka mmoja kamili baada ya Königsberg kuzama, usiku wa kuamkia Julai 12, 1916, meli za Waingereza zilisogea kimya kimya kwenye Ncha ya Kongoro, mashariki ya Mwanza, mbali na mdomo wa mzinga ule. Lilikuwa jeshi la takriban watu 1,800: King's African Rifles, wanajeshi wa Kihindi wa regimenti ya 98, kikosi cha polisi wa Uganda na Baganda Rifles. Mkuu wao alikuwa Brigedia Jenerali Sir Charles Crewe, mwanasiasa wa Afrika Kusini na mwenye gazeti huko East London, mtu mwenye haraka. Alitaka Mwanza, na baada ya Mwanza alitaka kufika Tabora kabla ya Wabelgiji.

Mpango ulikuwa uleule wa wapanda farasi: usimgonge mtu usoni, mzunguke. Waliotua Kongoro waje kwa nchi kavu, waishike barabara ya kusini, na Mwanza ibaki mfuko uliofungwa. Lakini askari wa miguu mwenye mzigo hana mbio za farasi. Kutoka Kongoro kwenda Mwanza ni nchi ya vilima vya mawe, majabali yaliyopandana kama magunia ya mpunga, na Julai ni kiangazi. Mtama umevunwa, mashina yamebaki, na anayetembea anaonekana kwa vumbi lake kabla ya kuonekana mwenyewe.

Hapa inafaa tusimame kidogo tuwatazame walinzi wa nyuma kazini, maana walifanya kazi hiyo katika nchi yetu kwa muda mrefu na waliijua vizuri. Kampuni moja ya askari wa jeshi la Kijerumani ilikuwa na watu 160 hadi 200, Wazungu kumi na kitu, na kwa kawaida bombomu mbili. Nyuma yake kulikuwa na wapagazi wengi kuliko askari wenyewe, pamoja na maboi, wake wa askari na watoto. Hao wote hutangulizwa alfajiri. Kiongozi wa walinzi huchagua kilima chenye mawe kinachotazama njia. Bombomu zinafichwa pembeni, risasi zikatishe uwanda kwa mshazari. Adui anatokea, anaachwa asogee, anapigwa kwa muda mfupi na mara moja. Mkuu wa wanaofuata hawezi kujua kama amekutana na watu 20 au 500. Inampasa awatawanye askari wake, alete mizinga, atume watu wa kuzunguka. Saa mbili au tatu zimekwisha. Anapopanda kilima anakuta maganda ya risasi na majivu ya moto wa kupikia uji.

Hila hiyo ilikuwa na kasoro moja. Sehemu ya askari walikuwa bado na bunduki za zamani za mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi mweupe juu ya kichwa cha mpigaji, na mzinga wa adui ulilenga hapo. Kwa sababu hiyo walijifunza kupiga kidogo na kuhama upesi, na jiwe la Usukuma lilikuwa kinga bora kuliko handaki.

Mwanza haikupiganiwa nyumba kwa nyumba. Simu ya upepo iliharibiwa, mzinga wa Königsberg ukatiwa kilema ili asiufaidi mtu, na jioni ya Julai 14, Waingereza walipokuwa wanaingia, sehemu ya Wajerumani walipanda vyombo vyao na kushuka ghuba kuelekea kusini. Wengine walishika barabara ya Tabora. Kesho yake meli za Waingereza ziliingia ghubani kuwafuata. Kwa mara moja hiyo kazi ya farasi ilitimia vizuri: vyombo vya Wajerumani vilikutwa vimetelekezwa pamoja na mizigo mingi, wenyewe wakiwa wameshuka nchi kavu na kukimbilia upande wa Misungwi.

Hapo maji yaliisha. Mbele kulikuwa na zaidi ya kilomita 300 za nchi kavu mpaka Tabora, na meli haina miguu.

Hesabu ya unga

Baada ya siku chache za kufuata, jeshi la Crewe lilisimama. Walinzi wa nyuma walikuwa wakipiga risasi hapa na pale, lakini risasi hizo zisingesimamisha watu 1,800. Kilicholisimamisha jeshi ni ukosefu wa wapagazi, na mtu yeyote aliyewahi kupanga safari ya msafara angeweza kumwonyesha jenerali sababu kwa vidole.

Chukua mpagazi mmoja mwenye mzigo wa unga wa kilo 25. Naye lazima ale. Mpe kilo moja kwa siku. Akitembea siku tano kwenda na siku tano kurudi, amekula kilo 10, na jeshi limepokea 15. Akienda siku kumi na kurudi kumi, amekula 20, jeshi limepokea 5. Akienda siku 12 na kurudi 12, amekula 24, na amefikisha kilo moja ya unga. Kutoka Mwanza hadi Tabora, kwa mwendo wa kilomita 20 au 25 kwa siku, ni safari ya wiki mbili. Maana yake, kwa mabega ya watu peke yake, hakuna kilo hata moja itakayofika. Na bado hatujataja risasi, dawa, mahema na mizinga.

Njia ya kutoka katika hesabu hiyo ni moja: kula chakula cha nchi unayopita. Lakini anayerudi nyuma hupita kwanza. Vihenge vya Usukuma vilikuwa vimejaa mtama wa mavuno mapya. Jeshi lililotangulia lilichukua lilichoweza, likachukua na ng'ombe, na likachukua vijana wa kubeba. Wa pili alipofika alikuta kaya iliyojificha maporini na kihenge chenye vumbi. Naye akadai. Mkulima wa Misungwi au Nera hakuombwa maoni kuhusu bendera ipi ipite. Alihesabu tu kilichobaki baada ya kila moja kupita.

Walinzi wa nyuma wa Wajerumani, basi, walikuwa na washirika wawili wasiovaa sare. Ndorobo aliwaondoa farasi na maksai. Tumbo la mpagazi likafanya kazi iliyobaki. Na pande zote mbili zilijua hivyo, ndiyo maana watu waliwindwa kama mali. Uganda ilitoa maelfu ya wapagazi kwa ajili ya jeshi la Wabelgiji peke yake, na zaidi ya elfu moja kati yao hawakurudi. Katika vita vyote hivi waliokufa chini ya mizigo ni makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, nimonia na homa. Risasi iliua wachache miongoni mwao.

Crewe alitumia wiki kadhaa kukusanya watu na chakula. Alifika Shinyanga mwishoni mwa Agosti. Wakati huo Jenerali Kurt Wahle, mzee aliyekuwa amestaafu Ujerumani na kunaswa na vita alipokuja kumtembelea mwanawe, alikuwa amevikusanya vikosi vyote vya magharibi kuizunguka Tabora: vya Mwanza, vya Rwanda chini ya Kapteni Wintgens, vya Urundi chini ya Langenn-Steinkeller. Mapema Septemba waliwapiga Wabelgiji mara kadhaa pembezoni mwa mji ili kupata muda wa kuondoka. Tabora iliingiwa na Wabelgiji Septemba 19. Crewe na Jeshi lake la Ziwa waliifikia reli ya kati huko Igalula siku chache baadaye, wakiwa wamechelewa kwa mara ya pili.

Kuna jambo lililowaumiza Wajerumani pale Tabora kuliko risasi za Wabelgiji. Askari wao wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Walirudi nyuma kwa nidhamu mradi walikuwa wakirudi kuelekea kwao. Walipoambiwa waipite Tabora na kushika njia ya kusini kwenda Iringa, wengi walivua sare usiku na kuingia vijijini. Mlinzi wa nyuma anahitaji kitu cha kulinda mbele yake, na kwa watu wale nyumbani palikuwa pamekwisha kupitwa.

Farasi waliofika mwisho

Habari ilikuwa na mkia wake. Februari 1917 Wintgens alijitenga na wenzake kusini, akageuza uso kaskazini na kikosi chake, akapita katikati ya nchi iliyokwisha kutekwa. Mei aliugua homa ya chawa, akajisalimisha kwa Wabelgiji. Luteni Heinrich Naumann akachukua uongozi. Alivuka reli ya kati mashariki ya Tabora, akaizingira boma ya Mkalama, na mwisho wa Juni alikuwa Ikoma, katika nyanda za Serengeti, siku chache za mwendo kutoka ziwani. Juni 29 Wabelgiji walimshambulia hapo wakarudishwa kwa hasara kubwa.

Safari hii Waingereza walituma tena wapanda farasi. Regimenti ya 10 ya farasi ya Afrika Kusini iliundwa kwa ajili ya kumkimbiza, ikisaidiwa na Cape Corps na vikosi vingine. Katika nyanda za wazi za kaskazini na kati, penye upepo na majani mafupi, farasi aliweza kuishi vya kutosha kufanya kazi yake. Naumann hakuwa na kilima cha kujificha kila siku, wala hakuwa na mwenzake wa kumlinda nyuma; kikosi chake kizima kilikuwa mkia usio na mwili. Baada ya miezi ya kukimbizwa alizingirwa mlimani, na mwanzoni mwa Oktoba 1917 akajisalimisha. Askari aliobaki nao hawakuzidi 200.

Ukilinganisha na El Bodón utaona tofauti iko wapi. Kule mraba uliokoka kwa sababu watu wake walijua kwamba kilomita 10 mbele kulikuwa na jeshi linalowangojea. Von Chappuis alikuwa na Tabora ya kukimbilia, akafika. Naumann hakuwa na pa kufika.

Na tofauti ya pili ni ya wale wasioandikwa katika taarifa za majenerali. Kitabu chochote cha vita vya Napoleon kitakutajia farasi wangapi walikuwepo. Katika vita vya Ziwa, aliyelisogeza jeshi, na aliyelisimamisha kwa kukosekana kwake, ni mtu mwenye kilo 25 begani. Dar es Salaam ina Kariakoo, soko lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ingawa wengi wanaonunua nyanya pale hawajui hivyo. Kwa mtu wa Mwanza, kumbukumbu ya namna hiyo iko katika barabara yenyewe ya Usagara, Misungwi na Shinyanga, ambayo basi huimaliza kwa saa chache.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, miaka 12 baada ya usiku wa Kongoro. Kuanzia mwaka huo gunia la unga liliweza kutoka Tabora hadi ufukweni bila anayelibeba kulila njiani.